Kilifi: Vibao vya Barabarani na Swali la Nani Alitangulia

Ukipanda matatu ya Malindi kutoka Mombasa na ukabahatika kukaa dirishani, historia ya Kaunti ya Kilifi inakupitia kibao kwa kibao. Mtwapa unaelekezwa Jumba la Mtwana. Kabla ya daraja la Kilifi ni magofu ya Mnarani. Njiapanda ya Watamu ni mji wa kale wa Gedi. Malindi yenyewe inakungoja na nguzo ya Vasco da Gama. Vyote hivyo ni vitu vya mawe, haviko mbali na maji ya chumvi, na waliovijenga walikwisha kuondoka zamani.

Sasa watazame wanaopanda na kushuka kwenye hiyo matatu. Wengi ni Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai, ambao pamoja na Wadigo na Waduruma ndio Wamijikenda. Kaunti ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 1,450,000. Sehemu kubwa ya eneo hilo haiko ufuoni. Iko ndani, Kaloleni, Ganze, Rabai na Magarini, ambako lami ni adimu na vibao vya historia ni adimu zaidi. Mtu anayeijua Kilifi kwa kusoma vibao peke yake ataondoka akiamini kwamba wageni walikuja kwa majahazi wakajenga, kisha wenyeji wakajitokeza baadaye kutoka kusikojulikana. Simulizi hiyo imepinda, lakini hakuna mtu mmoja aliyekaa akaipinda kwa makusudi. Imepindishwa na utaratibu wenyewe wa kupata kibao.

Kibao huzaliwa ofisini

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna mshale wa barabarani, unaokuambia ukate kulia. Kuna bamba la maelezo, langoni au ukutani, lenye majina na tarehe. Na kuna tangazo katika Gazeti la Serikali, ambalo msafiri halioni kabisa ingawa ndilo lenye meno: likishatoka, mtu hawezi tena kuchimba, kujenga au kubomoa mahali pale bila kibali. Mahali panaweza kuwa na tangazo pasiwe na mshale. Panaweza pia kuwa na mshale na bamba la kupendeza, na kisheria pasiwe na ulinzi wowote.

Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuhifadhi minara ya kale, na Gedi ikatangazwa mwaka huohuo. Maafisa wa wakati ule walikuwa wakitafuta kuta, misikiti, ngome na makaburi yenye maandishi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu ambavyo elimu yao iliwafundisha kuviita vya kale. Msitu uliowahi kuwa na mji wa nyumba za miti na makuti, zikaoza, machoni pao ulikuwa msitu tu. Kaya za Wamijikenda, yaani miji yao ya kale iliyojengwa katikati ya msitu, zilianza kutangazwa mwaka 1992. Kati ya tangazo la Gedi na yale ya kaya kuna miaka 65, na pengo hilo ndilo unaloliona ukiwa dirishani.

Leo sheria inayotumika ni ya makavazi na urithi ya 2006. Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi upya: minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ikabaki kwa serikali kuu, huku makumbusho na shughuli za utamaduni zikiingia kwenye orodha ya kaunti. Halafu kuna hifadhi ya barabara, ule ukanda wa pembeni ambako kibao chenyewe kingesimama, na huo uko chini ya mamlaka ya barabara kuu. Kibao kimoja kinaweza basi kuzunguka ofisi tatu zenye bajeti tatu. Mwenye hoteli ya ufuoni hana muda huo wa kusubiri. Ndiyo maana mishale ya hoteli huwa mipya kuliko ya magofu.

Mawe, na walioyajenga

Gedi inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiko ambako maelezo yamegeuka zaidi. James Kirkman alianza kuchimba hapo mwaka 1948 na akaendelea kwa karibu miaka 10. Alifukua msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba zenye visima na vyoo, na kaburi lililochongwa tarehe: 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kaburi hilo lina thamani ya pekee, kwa kuwa mengine mengi pale hukadiriwa umri wake kwa vigae, na vigae hukupa karne tu. Mji ulistawi katika karne ya 15 ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wataalamu wametaja kushuka kwa maji ya visima, mashambulizi ya Waoromo, uvamizi wa Wazimba wa 1589, na biashara kuwafuata Wareno walipohamia Mombasa. Kila sababu ina ushahidi wake kidogo, na hakuna inayotosha peke yake.

Mgeni anayefuata njia iliyofagiwa hapo Gedi hupitishwa kwenye nyumba za matajiri. Mji ulikuwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje. Nyumba za mawe zimesongamana ndani, lakini watu wengi waliishi kati ya kuta hizo mbili katika nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Ukisimama pale leo utaona miti tu, na majani makavu, na pengine kima anayekutazama kwa dharau. Hata ndani ya mji ulio maarufu kwa mawe, kwa hiyo, walio wengi hawakuacha kitu cha kuwekewa bamba.

Kirkman aliyasoma mawe hayo kama kazi ya Waarabu na Waajemi waliohamia pwani. Waafrika katika hadithi yake walikuwa watazamaji. Maelezo hayo yakaingia kwenye vijitabu vya watalii na yakakaa humo miaka mingi, na bado utayasikia kwa mtembezaji aliyesomea zamani. Sururu ndiyo iliyoanza kuyabomoa. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwa cha Pate huko Lamu, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja chini ya mwingine, ikirudi nyuma hadi karne ya 8. Mji ule ulianza kama kijiji cha udongo, ukakua papo hapo mpaka ukawa wa mawe. Hakuna siku ambayo mawe yalishuka kutoka jahazini pamoja na wenyewe.

Machi 2023 ukaja ushahidi wa aina nyingine kabisa. Utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao ulipima mabaki ya watu 80 waliozikwa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, na sehemu yao walitoka makaburi ya Mtwapa, ndani ya kaunti hii hii. Wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa mama. Sehemu iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, na damu hizo zilianza kuchanganyika kwenye mwaka 1000 hivi. Matokeo hayo yalimpa kila mtu kitu cha kushangilia. Waliokuwa wakidai asili ya Shirazi walikuta wazee wao hawakuwa wakitunga. Waliokuwa wakisema miji hii ni ya Waafrika walikuta mama zao humo. Bamba lenye neno moja, "Waarabu" au "Waafrika", haliwezi kubeba haya.

Nguzo ya Malindi ni ya kuchekesha kidogo. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo yenyewe ilisimikwa aliporudi mwaka 1499, karibu na nyumba ya mfalme, na baadaye ikaondolewa kwa sababu wenyeji hawakuupenda msalaba ule. Ilipo sasa, juu ya jabali linaloingia baharini, si mahali pake pa kwanza. Msalaba wa juu ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Lile umbo jeupe la matumbawe, la mfano wa pia, linaloushikilia, ambalo ndilo hujaa kwenye picha, lilijengwa mwaka 1873 na nahodha mmoja wa jeshi la majini la Uingereza ili msalaba usianguke. Wageni hupiga picha ya "1498" na kuondoka na ukarabati wa Mwingereza.

Na Malindi haikuwa inamsubiri Mreno ili ianze. Mwaka 1415, miaka 83 kabla yake, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Ming nchini China. Mji wenye uwezo wa kusafirisha twiga hai mpaka upande wa pili wa bahari ulikuwa tayari na mtawala, mabaharia, mabalozi na wafugaji wanaojua kazi yao. Baadaye mji huohuo ukafifia, na mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa vichaka. Ulifufuliwa katika miaka ya 1860 na Sayyid Majid wa Zanzibar, aliyetaka mashamba ya nafaka, na mashamba hayo yakalimwa na watumwa walioletwa kwa maelfu. Takaungu nako, upande wa kusini, palikaliwa na Wamazrui, ukoo wa watawala walioshindwa Mombasa mwaka 1837. Miji miwili ya ufuoni inayoonekana ya kale kuliko yote ina tabaka zima la wakazi ambalo halijafikisha hata miaka 200.

Shungwaya na mzozo wake

Muulize mzee wa Kimijikenda watu wake walitoka wapi na jibu litakuwa Shungwaya. Ni mahali kaskazini, kwa kawaida huwekwa upande wa kusini mwa Somalia ya leo. Kwa mapokeo, watu walikuwa pamoja huko, wakagombana na Waoromo, wakashuka kusini kwa makundi, wakapanda vilima nyuma ya pwani na kujenga kila kundi kaya yake katikati ya msitu, yenye malango, uzio na fingo, kile chungu cha dawa kilichozikwa mahali wanapopajua wachache. UNESCO, ilipoziingiza kaya hizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilisema zilianzishwa kuanzia karne ya 16 na zilikuwa zimehamwa kufikia miaka ya 1940.

Wasomi wamelumbana juu ya Shungwaya kwa nusu karne. Mwaka 1972 Fred Morton alitoa hoja kwamba kumbukumbu za mapema, zilizoandikwa kabla ya mwisho wa karne ya 19, hazilitaji jina hilo kama asili ya Wamijikenda wote. Wamisionari na wasafiri wa miaka ya 1840 walipewa majibu tofauti na makundi tofauti. Thomas Spear, aliyekaa na wazee akikusanya masimulizi, alishikilia kwamba safari ilikuwepo, na wanaisimu walikuwa na la kumuunga mkono: Kimijikenda, Kiswahili, Kipokomo na Kingazija vinatokana na lugha mama moja, na upande wa kaskazini mwa pwani ni mahali panapofaa kuwa kitovu chake. Justin Willis naye akaonyesha jinsi utambulisho wa Mijikenda kama taifa moja ulivyoimarika katika karne ya 20, hasa Mombasa mjini, miongoni mwa watu waliohitaji umoja wa kuzungumza na serikali na waajiri.

Kisha wachimbaji wakaingia. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichunguza vigae vya Kwale, vya wakulima wenye kufua chuma, na umri wake ukarudi hadi karne za mwanzo za Miladia. Katika miaka ya 1990 Richard Helm alipita nyuma ya pwani hiyohiyo akakuta makazi ya wakulima ya milenia ya kwanza, yenye vyungu vinavyofanana na vile vya miji ya ufuoni. Vilima hivi vilikuwa vikilimwa miaka 1,000 kabla ya karne ya 16.

Mimi sioni haja ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Karne ya 16 ni umri wa kaya, yaani wa miji yenye ngome iliyojengwa wakati wa hatari. Si umri wa watu. Makundi fulani yanaweza kuwa yaliteremka kutoka kaskazini yakiwa na fingo zao na heshima ya asili yao, yakakuta wakulima waliokuwepo, yakaoana nao, na baada ya vizazi vichache wote wakawa wanasimulia safari moja. Ndivyo koo zinavyofanya popote: hadithi ya mwenye sauti huwa hadithi ya nyumba nzima. Na masimulizi yenyewe hayajifanyi kwamba nchi ilikuwa tupu. Yanawataja Waata, wawindaji waliozijua njia na visima. Waata wapo hadi leo, na hawana kibao.

Mtoto wa Panga ya Saidi

Lakini hata Waata si mwanzo. Kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, kwenye miinuko ya Dzitsoni, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Timu ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na washirika wa nje ilianza kuchimba humo mwaka 2010. Mwaka 2013 zikaonekana chembe za mifupa. Mwaka 2017, takriban mita 3 chini ya sakafu ya sasa, shimo likafunguka lote. Mifupa ilikuwa imelainika kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa, basi wakaufunika udongo wote kwa plasta na kuunyanyua kama bonge moja. Lilipelekwa Nairobi, kisha Uhispania, ambako lilichambuliwa polepole kwenye maabara.

Ndani yake alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Namna mifupa ya bega ilivyobanwa inaonyesha sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu, ngozi au majani. Namna kichwa kilivyoinama inaonyesha kiliegemezwa kwenye kitu kilichokwisha kuoza, mfano wa mto. Wachimbaji walimpa jina la Mtoto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na matokeo yalipochapishwa Mei 2021 alikuwa ndiye maiti wa kale kuliko wote Afrika anayejulikana kuzikwa kwa makusudi.

Pango hilo halikuwa la kupitia tu. Tabaka zake zinaonyesha watu wakirudi humo tena na tena kwa makumi ya maelfu ya miaka, na wenyeji wa leo bado hulitumia kwa matambiko. Wanaofanya tambiko hilo hawahitaji kuwa wajukuu wa Mtoto kwa damu ili mahali pawe pao. Ila neno "walowezi wa kwanza", ambalo watu hulitumia wepesi wakizungumzia kaunti hii, linabaki halina pa kukaa. Tunaweza kusema nani alijenga msikiti wa kwanza wa mawe uliobaki, nani alianzisha kaya fulani, nani alifungua misheni. Zaidi ya hapo tunabahatisha.

Rabai: kilima kimoja, wageni wengi

Rabai ni mahali pa kujifunzia, kwa sababu makazi matatu yamelaliana hapo. Msafiri anayekuja kupitia Mazeras huelekezwa kwa Krapf na Rebmann, Wajerumani wawili wa misheni ya Kianglikana waliojenga kituo chao mwaka 1846. Ni haki yao kutajwa. Kutoka hapo Rebmann aliondoka akaiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849, na wasomi wa London wakamcheka mtu anayesema kuna theluji ikweta.

Lakini kituo hicho kilijengwa kando ya watu waliokuwa na kaya zao hapo muda mrefu, kwa ruhusa ya wazee wa kaya. Halafu, kufikia miaka ya 1880, Rabai ikajaa watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya pwani wakiwemo wa Takaungu na Malindi. Wenye mashamba wakatishia kuja kuwachukua kwa silaha. Mgogoro ulimalizwa kwa fedha: Januari 1889 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani iliwalipa fidia wenye watumwa, na watoro zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Watoro wengine hawakutaka hata mzungu wa kuwakingia kifua. Ndani zaidi, katika nchi ya Wagiriama, walikuwa wameanzisha makazi yao wenyewe ya Fuladoyo, na baadhi yao wakashika Ukristo kwa kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi mmoja wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883.

Watu hao waliunda vijiji, wakalima, wakaoa, na vizazi vyao viko humu kaunti. Kwa nini hawana mshale barabarani? Makuti hayadumu, mtoro hajiandiki, na aliyeandika habari zao, mmisionari, ndiye aliyebaki na jengo.

Alama zisizo na maandishi

Wagiriama walikuwa na vibao vyao kabla ya serikali yoyote. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kichwa na mwili na kutiwa nakshi za pembetatu, na husimikwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Si kaburi wala si pambo. Ni makao ya roho yake, mahali pa kummwagia mnazi na kumweleza shida za nyumbani. Familia ikihama kutafuta shamba jipya, kigango hubaki kiliposimikwa. Kwa hiyo kigango kilichosimama peke yake kwenye boma lililohamwa humweleza mpita njia kwamba hapa paliishi watu fulani.

Desturi hiyo ya kukiacha ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wachuuzi wa sanaa walivitafuta vigango mabomani, vijana wakavichomoa usiku kwa malipo kidogo, na vikasafirishwa hadi Marekani kuwa "sanaa ya Kiafrika". Familia moja iliibiwa viwili mwaka 1985, muda mfupi baada ya mtafiti, Monica Udvardy, kuvipiga picha. Miaka baadaye alikiona kimoja kikionyeshwa kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani; picha yake ikawa ushahidi, na vyote viwili vikarudishwa mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver baadaye lilirudisha 30. Kigango kikishang'olewa bila kuandikwa kilitoka boma gani, hata kikirudi Kenya, hakirudi kwao. Kinakwenda stoo.

Kwa nini watu hawaliachi swali hili

Mtu anaweza kuuliza yote haya yana faida gani kwa mtu wa Ganze anayetafuta mvua. Jibu ni ardhi. Mwaka 1895 Waingereza walikodi kwa Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: mwenye madai alete ushahidi, na ardhi isiyo na mwenye ushahidi iwe ya Taji, yaani ya serikali ya Kiingereza. Wenye maandishi, wengi wao Waarabu na Waswahili wa mijini, walileta karatasi. Wamijikenda, ambao ushahidi wao ulikuwa kaburi, mnazi uliopandwa na babu na neno la wazee wa kaya, kwa sehemu kubwa walitoka mikono mitupu. Maskwota wa pwani, ambao habari zao hazikauki magazetini, walianzia hapo.

Wagiriama waliletewa sheria hiyo kwa mtutu wa bunduki. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamevuka mto Sabaki na kulima upande wa kaskazini, ambako udongo ni mzuri. Serikali ilitaka vijana wao kwenye mashamba ya walowezi, na ardhi ile ikahesabiwa kuwa ya Taji. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akihimiza watu wakatae, na viapo vikaliwa kwenye Kaya Fungo. Oktoba mwaka huo alikamatwa, akahamishiwa Kisii pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Wakatoroka wakarudi kwa miguu, kutoka karibu na Ziwa Victoria hadi pwani. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti, na Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa kurudi kusini. Kulipua msitu ni kitendo cha ajabu mpaka ukumbuke kwamba kaya ndiyo iliyokuwa hatimiliki yao.

Leo Mekatilili ana sanamu Malindi na anakumbukwa kila mwaka, na kaya ziko kwenye Gazeti la Serikali. Tatizo limehamia kwingine. Wazee wa kaya wengi hawataki mshale wa kuleta wageni, na wana sababu: mahali pa fingo hapaonyeshwi, na waliowahi kukaribisha wageni kwenye vigango wanajua yaliyofuata. Lakini msitu usio na alama huonekana mtupu kwa mpima ardhi, kwa mkata mbao na kwa mwenye leseni ya kuchimba madini. Kaya Kinondo, kule Kwale, walichagua kuruhusu wageni kwa masharti yao: unafungwa kaniki, unaongozwa, na kuna mahali huendi. Kaya nyingine zimeridhika na tangazo la Gazeti na mpaka uliopimwa, bila neno lolote barabarani. Na katika kaya ileile moja mzee na kijana wake hawakubaliani: kijana anaona ajira ya kutembeza watalii, mzee anamuuliza watakaowafuata watalii ni akina nani.